Kwa Nini Chama cha New Kenya Hakikutia Mizizi katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya uliofanywa mwezi wa Februari 1961, kiongozi mmoja wa Wazungu alikataliwa na wengi wa Wazungu wenzake, kisha akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika. Kiongozi huyo alikuwa Bwana Michael Blundell, na chama chake kiliitwa New Kenya Party, maana yake Chama cha Kenya Mpya. Mtu asiyejua mambo yalivyokuwa angeweza kudhani kwamba chama ambacho kiongozi wake alipata kura nyingi namna hiyo kwa Waafrika kingezidi kupata nguvu siku kwa siku, na kwamba kingepokewa vizuri katika mitaa ya Nairobi walimokaa Waafrika kwa maelfu. Haikuwa hivyo. Kenya ilipofanya uchaguzi mwingine mwezi wa Mei 1963, chama hicho kilikuwa kimekwisha.

Jambo hili lafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu linaonyesha tofauti iliyopo baina ya kura inayotolewa kwa haja ya siku moja na kura inayotolewa kwa imani. Vyama vidogo vingi, katika nchi nyingi, vimepotea kwa kutoifahamu tofauti hiyo.

MITAA YENYEWE

Mji wa Nairobi ulipangwa tangu zamani kwa rangi za watu. Wazungu walikaa pande za magharibi na kaskazini, penye vilima na miti na udongo mwekundu, kama vile Kilimani na Muthaiga. Waasia walikaa zaidi Ngara, Parklands na Eastleigh. Waafrika walipewa upande wa mashariki, katika uwanda wa udongo mweusi ambao wakati wa mvua hunata miguuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa.

Pumwani ulianza katika miaka ya 1920. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Pangani. Wafanya kazi wa reli waliwekwa Muthurwa na Makongeni. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, na baadaye, katika miaka ya 1950 na kuingia miaka ya 1960, ikaongezwa mitaa ya Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo, Jericho na mingine. Mitaa miwili kati ya hiyo iliitwa kwa majina ya Waafrika waliokuwa madiwani wa Nairobi, Bwana Tom Mbotela na Bwana Ambrose Ofafa, ambao waliuawa katika miaka ya 1952 na 1953, wakati wa vita vya Mau Mau. Hivyo hata jina la mtaa lilimkumbusha mkaaji kwamba siasa katika mji huu ilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mkaaji wa mitaa hiyo aliishi chini ya mambo matatu ambayo mkaaji wa Muthaiga hakuyajua. Kwanza, nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya Halmashauri ya Mji, au ya Shirika la Reli, au ya mwajiri, na mara nyingi chumba kimoja kilikaliwa na wanaume kadha, kila mtu na kitanda chake. Aliyekaa katika nyumba ya mwajiri, akiachishwa kazi, alipoteza na mahali pa kulala. Pili, mshahara wake ulikuwa mdogo. Kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 1954, iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa kampuni na wenye kazi binafsi mijini walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja, licha ya mke na watoto. Tatu, kulikuwa na vyeti na pasi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachukuliwa kupelekwa kizuizini. Waliobaki walipaswa kutembea na vitabu vya pasi, na baadhi ya mitaa ikazungushiwa seng'enge.

Basi mtu wa chama chochote aliyefika Kaloleni au Bahati kuomba kura alikutana na watu wenye maswali yaliyo karibu sana na maisha yao: kodi ya nyumba, mshahara, pasi, ndugu aliye kizuizini, na shamba lililoachwa nyumbani.

RANGI YA MTU HAIKUWA KIZUIZI

Ni kosa kusema kwamba watu wa mitaa hiyo walimkataa mtu kwa sababu tu hakuwa Mwafrika. Tarehe 23 Aprili 1950, katika jumba la mikutano la Kaloleni, ulifanywa mkutano mkubwa wa chama cha KAU pamoja na chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Aliyesimama kutoa hoja kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili alikuwa Mhindi, Bwana Makhan Singh, mtumishi wa vyama vya wafanya kazi. Hoja hiyo ilipokewa kwa shangwe. Mwezi uliofuata alikamatwa, na akawekwa mbali na watu hata mwaka 1961, muda upatao miaka kumi na mmoja na nusu.

Watu wa Kaloleni hawakumsahau. Walikuwa wamesikia kutoka kinywani mwake neno walilolitaka wao wenyewe, kisha wakaona gharama aliyoilipa kwa ajili ya neno hilo. Tangu hapo walikuwa na kipimo cha kumpimia mtu wa rangi nyingine anayekuja kwao na habari za siasa.

KURA KABLA YA MWAKA 1961

Waafrika wa Kenya walipiga kura kuchagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1957. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Hata hivyo, kura haikuwa ya kila mtu, wala watu waliopewa kura hawakuwa sawa. Kwa kadiri ya elimu, mali, mshahara, umri na utumishi, mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mwingine mbili, na mwingine tatu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa mpaka apate kwanza cheti cha utiifu kwa Serikali. Hivyo katika Nairobi, mji wenye Wakikuyu wengi, wapiga kura walikuwa wachache mno.

Kiti cha Nairobi kiligombewa hasa na wakili Bwana C. M. G. Argwings-Kodhek na Bwana Tom Mboya. Bwana Mboya alikuwa kijana wa miaka 26, Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Hapo kwanza alikuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Mji, na alikaa Ziwani, katika nyumba ya Halmashauri, kama walivyokaa majirani zake. Alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 400. Mwaka huo huo aliunda chama cha Nairobi, People's Convention Party, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilikataza Waafrika kuwa na chama cha nchi nzima. Chama hicho kilikuwa na matawi mitaani, na mikutano, na watu waliojuana kwa majina.

Mwaka 1958 Serikali ya Uingereza ilileta katiba nyingine, na ndani yake mlikuwa na viti kumi na viwili vya pekee: vinne vya Waafrika, vinne vya Waasia na vinne vya Wazungu. Wajumbe wa viti hivyo hawakuchaguliwa na wananchi, ila walichaguliwa na Baraza lenyewe. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwamba wapatikane wajumbe wasiotegemea kabila wala rangi moja. Lakini watu wa mitaani waliona kwamba huo ulikuwa mlango wa nyuma. Wajumbe wa Kiafrika waliochaguliwa na wananchi walitoa maneno makali, wakiwaita Waafrika waliogombea viti hivyo vibaraka na Wazungu weusi. Walishtakiwa mahakamani kwa ajili ya maneno hayo, wakatozwa faini. Faini ililipwa, na maneno yakabaki midomoni mwa watu.

CHAMA KILIVYOANZA

Bwana Michael Blundell alikuja Kenya mwaka 1925 akiwa kijana wa miaka 18, akawa mkulima katika Bonde la Ufa. Aliingia katika Baraza mwaka 1948, na baadaye akawa Waziri wa Kilimo. Mwezi wa Aprili 1959 alijiuzulu uwaziri ili aongoze kundi jipya lililoitwa New Kenya Group, ambalo baadaye ndilo lililokuwa New Kenya Party. Wajumbe zaidi ya 40 wa Baraza waliliunga mkono, Wazungu, Waasia, Waarabu na Waafrika. Miongoni mwa Waafrika alikuwamo Bwana Musa Amalemba, mmoja wa wale waliochaguliwa kwa viti vya pekee, aliyekuwa Waziri wa Nyumba.

Yafaa kusema wazi kwamba chama hicho kilikuwa na mambo mema. Kilitaka Kenya iwe taifa moja la watu wa rangi zote. Kilikubali kwamba ardhi ya Nyanda za Juu, iliyotengwa kwa Wazungu peke yao, ifunguliwe kwa utaratibu kwa wakulima wa kila rangi. Kilikubali kwamba daftari za wapiga kura zilizotengwa kwa rangi zitoweke polepole. Katika siku zile, Mzungu aliyesema maneno hayo hadharani alijipatia maadui katika jamaa yake mwenyewe. Wazungu waliopinga mabadiliko walikuwa na chama chao, United Party, kilichoongozwa na Group Captain Briggs.

Tena wazo la kushirikiana kwa rangi zote halikuwa geni kwa Waafrika. Mwezi wa Julai 1959 Bwana Masinde Muliro na wenzake walianzisha Kenya National Party, na Waasia wakakaribishwa ndani yake. Ugumu wa chama cha Bwana Blundell ulikuwa mahali pengine.

MASWALI MATATU YA MITAANI

Chama kilichotaka kura za mitaa ya mashariki kilipaswa kujibu maswali matatu.

Swali la kwanza: ni nani aliyekuchagua? Wengi wa wajumbe waliounga mkono chama cha New Kenya walikuwa wameteuliwa na Gavana, au wamechaguliwa na Baraza lenyewe, au na Wazungu peke yao. Wale Waafrika waliokuwa ndani yake hawakuwa wamesimama mbele ya watu wa Pumwani au Makongeni kuomba kura. Hata kama walikuwa watu hodari na wenye kusema kweli, waliingia kwa mlango ambao wananchi hawakuufungua.

Swali la pili: lini? Bwana Mboya na wenzake walisema: uhuru sasa, na kila mtu mzima kura moja. Chama cha New Kenya kilisema kwamba mabadiliko yaje kwa hatua, ili uchumi usiharibike na wageni wasitoe fedha zao nchini. Kwa mtu mwenye shamba kubwa au duka mjini, neno hatua lilikuwa neno la busara. Kwa mtu aliyelala katika chumba cha watu wanne huko Muthurwa, na ambaye alikuwa ameambiwa habari za hatua tangu ujana wake, neno lile lile lilikuwa na maana ya kungoja tena.

Swali la tatu: chama ni cha nani? Chama cha Bwana Blundell kilizaliwa ndani ya Baraza, juu, kisha kikataka kushuka kwa wananchi. Vyama vya Waafrika vilizaliwa mitaani na vijijini, vikataka kupanda mpaka Barazani. Mwanachama wa People's Convention Party alijua ni nani katibu wa tawi lake na alikaa nyumba gani. Akipata shida na mwajiri alijua aende kwa nani. Chama kisichokuwa na mtu wa namna hiyo katika kila mtaa kinaweza kuwa na fedha na maneno mazuri, lakini siku ya kura hakina mtu wa kumwamsha jirani yake alfajiri.

MKUTANO WA LONDON

Mwezi wa Januari 1960 hali ya hatari ilimalizwa Kenya, na mwezi huo huo wajumbe wa pande zote walikutana Lancaster House, London, chini ya uenyekiti wa Bwana Iain Macleod, Waziri wa Makoloni. Mwanzoni mwa Februari, Waziri Mkuu wa Uingereza, Bwana Harold Macmillan, alitoa hotuba yake ya Afrika ya Kusini juu ya upepo wa mabadiliko unaovuma katika Afrika. Mkutano wa London ulipokwisha, ilikuwa imeamuliwa kwamba Waafrika watakuwa wengi kuliko wengine katika Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha Bwana Blundell kilikubali. Group Captain Briggs alikataa.

Bwana Blundell aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimtupia miguuni pale uwanja wa ndege mfuko wenye vipande thelathini vya fedha. Kila aliyesoma Injili alifahamu maana yake: vipande thelathini ni ujira alioupokea Yuda. Basi chama kilisimama mahali pa hatari sana. Wazungu wengi walimwona kiongozi wake kuwa msaliti, na Waafrika wengi waliona kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuwatafutia Wazungu njia ya kukaa salama.

Mwaka huo huo sheria ya kuzuia vyama vya nchi nzima iliondolewa. Chama cha KANU kikaundwa, na Bwana James Gichuru akawa Rais wake, Bwana Oginga Odinga akawa Makamu na Bwana Mboya akawa Katibu Mkuu. Baadaye kikaundwa KADU chini ya Bwana Ronald Ngala na Bwana Muliro. Wazungu wasiokubali mapatano ya London wakajikusanya katika Kenya Coalition, chini ya Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, aliyeacha kiti cha Spika kwa ajili hiyo.

UCHAGUZI WA 1961 ULIVYOFANYWA

Sheria za uchaguzi wa 1961 zilikuwa na mafundo kidogo. Viti 53 vilichaguliwa na wapiga kura. Katika hivyo, 33 vilikuwa wazi kwa mtu ye yote, na 20 vilitengwa: kumi kwa Wazungu, vinane kwa Waasia na viwili kwa Waarabu. Viti vingine 12 vya kitaifa vilijazwa na wajumbe 53 wenyewe.

Mtu aliweza kuandikishwa kupiga kura ikiwa alijua kusoma na kuandika lugha yake, au alikuwa amepita miaka 40, au alikuwa na cheo fulani, au alipata angalau paundi 75 kwa mwaka. Kwa masharti hayo wapiga kura wa Kiafrika waliongezeka mara nyingi kupita wale wa mwaka 1957.

Kwa kiti kilichotengwa, mambo yalikwenda kwa hatua mbili. Kwanza, watu wa rangi ile walipiga kura peke yao, na mgombea asiyepata robo ya kura zao aliondolewa. Kisha waliobaki walipelekwa mbele ya wapiga kura wote wa mahali pale, wa kila rangi. Maana yake ni kwamba Mzungu alihitaji kwanza idhini ya robo ya Wazungu, halafu ushindi kwa watu wote, nao wengi wao walikuwa Waafrika.

NAIROBI MASHARIKI NA BONDE LA UFA

Kiti cha Nairobi Mashariki kilikuwa cha wazi, na ndani yake mlikuwamo mitaa mikubwa ya Waafrika. Mashindano yenyewe yalikuwa baina ya watu wawili wa KANU, Bwana Mboya na Dakta Munyua Waiyaki. Wengi wa wapiga kura walikuwa Wakikuyu, na Dakta Waiyaki alikuwa Mkikuyu wa ukoo unaojulikana sana. Bwana Mboya alikuwa Mluo wa kisiwa cha Rusinga. Watu wengi walitazamia kwamba kila mtu angemchagua wa kabila lake. Kura zilipohesabiwa, Bwana Mboya alikuwa na zaidi ya 31,000, na Dakta Waiyaki hakufika 3,000.

Msomaji na azifikiri hesabu hizo. Watu waliokuwa tayari kuliruka kabila kwa wingi kiasi hicho hawakuwa watu wasiofahamu siasa ya kuchanganya rangi. Walikuwa wameona vyama vya wafanya kazi vikisimama wakati wa migomo, na mwaka 1959 walikuwa wameona vijana 81 wakipandishwa ndege kwenda kusoma Marekani. Walimpa kura mtu waliyeiona kazi yake. Katika mashindano hayo ya KANU kwa KANU, chama cha New Kenya hakikuwa na sauti ya kuhesabiwa.

Katika Bonde la Ufa mambo yalikuwa mengine. Kiti kile kilitengwa kwa Wazungu, na walioshindana ni Bwana Blundell na Sir Ferdinand. Katika kura ya Wazungu peke yao, Sir Ferdinand alimpita mwenzake mbali sana, na Bwana Blundell akapata kidogo tu zaidi ya ile robo iliyotakiwa. Lakini katika kura ya watu wote Waafrika walimpigia Bwana Blundell kwa wingi mkubwa, na Sir Ferdinand akashindwa.

Waafrika hao hawakuwa wameingia katika chama cha New Kenya. Waliwekewa Wazungu wawili mbele yao, mmoja aliyekubali mapatano ya London na mmoja aliyeyapinga, nao wakamchagua aliyeyakubali. Ilikuwa kura ya kuazima. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ndivyo ilivyokuwa kwa chama hicho. Katika nchi nzima kilipata viti vinne. KANU ilipata 19 na KADU 11.

SERIKALI YA APRILI 1961

KANU ilikataa kuingia katika Serikali mpaka Mzee Jomo Kenyatta afunguliwe. Ahadi hiyo ilikuwa imetolewa kwa wapiga kura, na katika mitaa ya mashariki ndiyo iliyokuwa moyo wa uchaguzi wote. Mwezi wa Aprili 1961 KADU ilikubali kuunda Serikali pamoja na chama cha New Kenya na wajumbe walioteuliwa na Gavana. Bwana Ngala akawa kiongozi wa Serikali Barazani, na Bwana Blundell akarudi kuwa Waziri wa Kilimo.

Kwa hesabu ya Baraza, jambo hilo lilikuwa halali. Kwa macho ya mtu wa Shauri Moyo au Ziwani, lilikuwa gumu kulifahamu. Chama alichokipigia kura kilipata viti vingi kuliko vyote, nacho kikawa nje. Chama chenye viti vinne kikawa ndani. Kama lilibaki tumaini lo lote la chama cha New Kenya kupata wafuasi katika mitaa ile, lilipotea katika mwezi huo. Chama kilipata nafasi ya kutawala, na kwa tendo lile lile kikapoteza nafasi ya kusikilizwa.

Mzee Kenyatta aliachiliwa mwezi wa Agosti 1961. Bwana Blundell aliacha siasa mwaka 1962. Katika uchaguzi wa Mei 1963 hapakuwa tena na viti vilivyotengwa kwa rangi, na ile njia ya hatua mbili iliyompatia kiti ikafungwa.

MFANO WA TANGANYIKA

Mambo kama hayo yalikuwa yametokea kwa jirani. Mwaka 1956, kwa kutiwa moyo na Gavana Sir Edward Twining, kiliundwa Tanganyika chama cha UTP, cha watu wa rangi zote, kwa nia ya kuipunguza nguvu TANU. Sheria ya uchaguzi nayo ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi katika TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Bwana Julius Nyerere aliwashawishi wenzake waingie ndani.

TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubali sera yake, kama vile Bwana Derek Bryceson na Lady Marion Chesham, na watu hao wakachaguliwa. Sheria iliyowekwa ili rangi tatu zigawane nguvu ikawapa wapiga kura wa Kiafrika uwezo wa kuchagua Wazungu waliowataka. UTP ilishindwa vibaya, na baada ya muda mfupi ikavunjika.

MAFUNDISHO YAKE

Katika nchi zote mbili, Wazungu waliodumu katika siasa baada ya uhuru walikuwa wale waliojiunga na vyama vya wananchi walio wengi. Bwana Bryceson alikuwa waziri katika Serikali ya Bwana Nyerere. Bwana Bruce McKenzie, aliyekuwa mwenzake Bwana Blundell katika New Kenya, aliingia KANU mwaka 1961, na Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 alikuwa Waziri wa Kilimo katika Serikali ya Mzee Kenyatta. Ardhi ya Nyanda za Juu ilifunguliwa, daftari la wapiga kura likawa moja, na mtu wa rangi yo yote aliweza kuwa raia. Mambo hayo yalikuwa katika maandishi ya chama cha New Kenya tangu mwaka 1959.

Chama hicho kilishindwa ingawa mengi ya maneno yake yalitimia. Kilitaka watu wa Pumwani, Kaloleni na Bahati wayakubali mashauri yaliyokwisha kukatwa mahali ambapo wao hawakuwapo. Hakikukaa nao, hakikulipa gharama pamoja nao, na wakati wa kuchagua baina ya kuwa Serikalini na kungoja nje pamoja na chama walichokichagua, kilichagua Serikali. Chama kidogo cho chote kitakacho kupata nafasi mahali kisipopajua kingefanya vema kuanza na kodi ya nyumba na mshahara, na kuwa na mtu wake katika kila mtaa, ambaye majirani wanamjua kwa jina.